Uzio wa Mbao Hupakwa Ukiwa Bado Umelala

Uzio wangu wa kwanza wa mbao niliujenga Iringa mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika wiki moja tu. Mbao za paini zilishushwa asubuhi kutoka Mafinga, na jioni mafundi walikuwa wameshaanza kugonga. Siku ya nne uzio ulisimama. Siku ya tano ukapigwa vanishi upande wa barabarani, na waliopita walisimama kuusifia. Kufika Septemba vanishi ilikuwa inabanduka kama ngozi ya nyoka. Mvua za mwaka wa pili ziliponyesha, nguzo ya kona ikalala kwenye mahindi ya jirani. Nilipoichomoa nilikuta sehemu iliyokuwa ardhini imebaki ganda, ndani mchwa wamejaza udongo wao. Shubiri moja tu juu ya hapo, mti ulikuwa mgumu kama siku niliyoununua.

Tangu wakati huo nimesimamisha uzio mwingine kwangu, mwingine kwa mama, na nimesaidia wa jirani mmoja. Zote tatu zimejengwa kwa utaratibu ambao mafundi wengi huona ni wa kinyume: mbao hukaushwa kwanza, hupakwa rangi zikiwa zimelala kivulini, kila upande na kila kichwa, na ndipo husimamishwa. Wengi husimamisha kwanza, kisha hupaka kinachoonekana. Lakini uzio hauozi pale unapoonekana. Huanza kuoza nyuma ya mbao, mahali mbao ya kusimama inapokumbatiana na ya kulala. Huanza kwenye vichwa vya chini vinavyorukiwa na matone ya mvua, na kwenye nguzo pale inapozama ardhini. Ukishagonga msumari, brashi haifiki huko tena.

Mti hunywa maji kwa mirija iliyopangana kwa urefu wake, kama kifungu cha mabua. Ubavu wa mbao hunywa kidogo kidogo, lakini kichwa kilichokatwa na msumeno kimefungua mirija yote, nacho hunywa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kichwa cha mbao kisichopakwa kinaharibu kazi yote ya ubavu uliopakwa mara tatu.

Tuanze na mbao zenyewe. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ya kukaa karibu na Shamba la Miti la Sao Hill huko Mufindi, na paini ndiyo mbao ya bei ya kuvumilika. Ni mbao nyepesi, inakatika vizuri, na inakunywa dawa kwa urahisi. Ila haina kinga yake yenyewe. Mchwa na kuvu huiona kama chakula cha bure. Ukiwa na uwezo wa kununua mninga au mvule, kiini chake kitavumilia miaka mingi bila dawa, ingawa kwa uzio mimi naona ni kuipoteza mbao ya kutengenezea kabati na milango. Mtiki pia husifiwa, na sifa zake ni za kweli kwa kiini chake cha kahawia. Nguzo nyembamba za mtiki zinazopatikana mashamba yanapopunguzwa miti michanga huwa na kiini kidogo sana. Ule mti mweupe wa pembeni huliwa kama paini, hata kama jina ni mtiki.

Mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki kiwandani, ni rahisi na yana sura ya kupendeza, lakini yabandue magome kwanza. Chini ya gome maji hukaa na dudu hutaga.

Sasa kukausha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipopotea. Mbao ya paini iliyotoka kupasuliwa inaweza kubeba maji yenye uzito mkubwa kuliko mti wenyewe ukiwa mkavu. Ukiipaka rangi hali hiyo, rangi haina pa kuingia. Hukaa juu, na maji yanapotafuta njia ya kutoka huisukuma ibanduke. Mzee mmoja seremala wa Mafinga ndiye aliyenionyesha. Nilimsalimu shikamoo, nikamweleza habari ya vanishi yangu, akachukua ubao mbichi na mwingine mkavu akaudondoshea kila mmoja matone ya maji. Kwenye ule mbichi matone yalikaa yakitazama juu. Kwenye mkavu yalizama tukiwa bado tunaongea. Akasema, "Mwanangu, aliyeshiba hanywi."

Jaribio hilo la matone ndilo ninalolitumia hadi leo. Maji yakizama ndani ya dakika chache, mbao iko tayari kwa rangi. Yakibaki juu, subiri, au kama mbao ni kavu lakini imepigwa randa ikawa laini kama kioo, ipitishe msasa mnene, namba 60 au 80. Kwa kweli kwa uzio sipigi randa kabisa. Uso wenye mikwaruzo uliotoka kwenye msumeno hunywa rangi nyingi zaidi na kuishika kwa muda mrefu zaidi, na macho ya mpita njia hayaoni tofauti.

Kukausha kwenyewe hakuhitaji mashine. Panga matofali, inua mbao kama sentimita 30 kutoka ardhini, weka vijiti vya unene sawa kati ya safu na safu kila baada ya futi mbili, na hakikisha vijiti vimesimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu, la sivyo mbao zitapinda. Juu weka mabati ya kuzuia jua na mvua na mawe ya kukandamiza, pembeni acha wazi upepo upite. Mbao za inchi moja hukauka kwa wiki sita hadi nane za kiangazi. Huku kwetu mvua huisha Aprili au Mei, kipupwe cha Juni na Julai huleta ukungu wa asubuhi, kisha Agosti hadi Oktoba hewa hukauka. Kwa hiyo mimi hununua Juni, napaka Septemba, na nasimamisha kabla Novemba haijafika. Aliye Pwani au Kaskazini ahesabu masika na vuli zake vivyo hivyo: kupaka kuje mwishoni mwa kiangazi, mbao ikiwa imekauka kwa kadiri hali ya huko inavyoruhusu.

Kabla hujalipia, piga hesabu ukikumbuka kwamba mbao zetu huuzwa kwa urefu wa futi 12. Uzio wa kimo cha futi 6 hutoa vipande viwili kamili kwa kila mbao, na wa futi 4 hutoa vitatu. Ukitaka futi 5, kila mbao itakuachia kipande cha futi 2 cha kuwashia moto. Nguzo nazo ziweke kila baada ya futi 6, ili mbao ya kulala ya futi 12 ishike nafasi mbili na iishie katikati ya nguzo. Chukua mfano wa uzio wa mita 20 wenye kimo cha futi 6. Utahitaji nguzo 12. Mbao za kulala za mbili kwa nne, safu tatu, zitakuwa 17. Mbao za kusimama za moja kwa sita, ukiacha sentimita moja katikati, ni vipande 125 hivi, yaani mbao 63. Ukijumlisha pande zote, kingo, nguzo na mbao za kulala, unakaribia mita za mraba 100 za kupaka. Lita moja ya rangi kwenye mbao yenye mikwaruzo hufika mita za mraba tano tu, kwa hiyo mkono wa kwanza pekee humaliza ndoo ya lita 20, na wa pili humaliza kama nusu yake. Nakuandikia haya kwa sababu wengi hununua galoni moja ya lita 4, kisha rangi ikiisha katikati, ile ya pili inakuja na weusi tofauti.

Rangi gani? Dukani utaonyeshwa aina tatu. Vanishi ni ngozi ya juu inayoacha mti uonekane, inapendeza sana ndani ya nyumba, lakini nje mionzi ya jua huipenya na kuharibu ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, mti unageuka kijivu chini yake na ngozi inabanduka. Rangi ya mafuta hufunika kabisa na kuzuia jua vizuri, ila maji yakipata ufa mmoja hukwama nyuma yake, na siku ya kurudia itabidi uikwangue yote. Ya tatu ni rangi inayonywewa na mti, mafundi wanaiita steini. Haiachi ngozi. Inaingia ndani na chembe zake za rangi, na chembe hizo ndizo kivuli cha mti dhidi ya jua. Inapochakaa hufifia tu, nawe unaosha na kupaka juu yake. Kwa uzio, hiyo ndiyo ninayoichagua, tena ya kahawia iliyokolea kiasi, kwa sababu isiyo na rangi yoyote haizuii jua.

Kuhusu oili chafu ya gari, najua watu wengi wanaitegemea, na baba yangu aliitumia kwenye zizi. Naomba tuiache. Ina madini mazito na kemikali zinazosababisha saratani ya ngozi, mvua huishusha kwenye udongo tunaopandia mchicha, na watoto huegemea uzio kila siku. Ukishaipaka, hakuna rangi itakayoshika juu yake tena. Na mchwa haimsumbui kwa muda mrefu kama tunavyodhani.

Sasa tupake. Chagua siku isiyo na dalili ya mvua na fanya kazi kivulini. Mbao iliyo juani hukausha rangi kabla haijazama, na kila mahali ulipopumzisha mkono patabaki alama. Mimina makopo yote katika ndoo moja ukoroge, ili rangi iwe moja mwanzo hadi mwisho, na uendelee kukoroga kila baada ya mbao chache kwa kuwa chembe huzama chini. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, kiache kikauke, ndipo uamue. Laza mbao juu ya vigingi viwili, paka upande mmoja na kingo zake kutoka kichwa hadi kichwa bila kusimama katikati, geuza, paka mwingine. Baada ya kama dakika 15 futa kwa kitambaa rangi iliyokataa kuzama, maana hiyo itabaki ikinata.

Vichwa usivipake kwa brashi. Vichovye. Weka rangi kina cha vidole vinne kwenye debe, simamisha mbao ndani yake kumi kumi, ziache zinywe dakika tano. Utashangaa jinsi rangi inavyopungua debeni. Kwangu kazi hii ilifanywa na wanangu wawili kwa siku moja ya Jumamosi, wakiwa na glovu mikononi, na ndiyo kazi iliyouongezea uzio wetu maisha kuliko nyingine yoyote.

Neno la tahadhari kuhusu vitambaa. Ikiwa rangi yako ina mafuta ya kitani, vitambaa vilivyolowa ukivikunja na kuvirundika pembeni hupata joto vyenyewe vinapokauka na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vitie kwenye ndoo ya maji. Nyumba zimeungua kwa jambo hili.

Mbao zikikauka, siku moja au mbili kadiri kopo linavyoelekeza, rudia mkono wa pili. Kisha zipange tena kwenye vijiti vyake, ugeukie ardhi.

Ardhi ina wenyewe. Tafuta bikoni zako za mpaka, ziko wapi, na usiweke nguzo juu ya bikoni wala kuisogeza hata kama imeinama. Mwite jirani kabla hujachimba, mtembee pamoja kwenye mstari, na kama kuna shaka mshirikishe mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo. Upande unaopakana na barabara uliza ofisi ya halmashauri hifadhi ya barabara inaishia wapi, usije ukaamka na alama ya X kwenye mbao mpya. Mimi huingiza uzio ndani ya mpaka wangu kama nusu futi ili niweze kupaka upande wa nje bila kukanyaga kwa mtu.

Nguzo ndizo zinazobeba yote, na hapa kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, zile zenye rangi ya kijani kama nguzo za umeme. Dawa imeingia ndani, mchwa hawazigusi. Upande utakaoingia ardhini uwe ule uliotoka kiwandani. Ukilazimika kukata, kata upande wa juu. Lakini dawa hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na tangu mwisho wa mwaka 2003 Marekani iliacha kuiuza kwa matumizi mengi ya nyumbani. Vaa kitambaa puani unapokata, zoa unga wake, na vipande vilivyobaki visiingie jikoni hata kidogo. Moshi wake na majivu yake ni sumu. Waambie wasaidizi nyumbani kwa maneno ya wazi, kwa kuwa kipande kikavu cha mti pembeni ya jiko hakiulizwi kimetoka wapi.

Njia ya pili ndiyo niliyoitumia kwa mama, na ninaipenda zaidi: nguzo isiguse ardhi kabisa. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea miguu ya chuma, vipande viwili vya flatibaa vilivyopakwa rangi ya kuzuia kutu. Chuma kinazama kwenye zege, na nguzo ya mbao inashikwa kwa bolti kati ya vipande hivyo, kichwa chake cha chini kikiwa sentimita tano hadi kumi juu ya zege. Maji yanapita chini. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya chuma mahali unapoiona, nawe unaibomoa kwa fagio.

Chimba mashimo ya kina cha futi mbili na nusu kwa uzio wa futi 6, upana wa futi moja. Nguzo za geti ziende futi tatu na ziwe nene zaidi, maana geti huvuta mchana na usiku. Chini ya shimo weka kokoto kina cha ngumi moja maji yapate pa kwenda. Simamisha nguzo mbili za mwisho kwanza, funga kamba kati yake, ndipo zile za katikati zifuate kamba. Kila nguzo ipime kwa timazi pande mbili zinazopakana. Kwenye kona pima futi 3 upande huu na futi 4 upande ule. Kama ulalo kati ya alama hizo ni futi 5 kamili, kona yako iko sawa. Zege la moja kwa mbili kwa nne linatosha, na mfuko wa kilo 50 hujaza mashimo matatu hadi manne. Uso wa zege uinue kidogo juu ya ardhi na uuteremshe kwenda nje, kama kilima kidogo. Zege lililoacha kikombe kuzunguka nguzo hukusanya maji na kuozesha nguzo haraka kuliko udongo mtupu. Limwagilie maji, lifunike, na usigonge msumari wowote kabla ya siku tatu. Wiki ni bora.

Mbao za kulala ziungane kwenye nguzo, na maungio ya safu ya juu yasiwe nguzo moja na ya safu ya kati. Kwa mbao ya kusimama ya inchi moja, tumia misumari ya inchi tatu iliyochovywa zinki, miwili kila safu. Msumari mweusi wa kawaida hutoa machozi ya kutu yanayoshuka kwenye rangi yako mvua ya kwanza tu. Unapokaribia kichwa cha mbao, gonga kwanza ncha ya msumari iwe butu. Msumari butu hauchani nyuzi, na mbao haipasuki. Tumia kijiti cha sentimita moja kupima nafasi, na kingine kinene cha sentimita tano uweke chini ili mbao isikanyage ardhi. Kama kiwanja kina mteremko, acha mbao zifuate ardhi taratibu. Mteremko mkali ndio unaohitaji ngazi.

Kila ulipokata, paka hapo hapo kabla hujaenda hatua nyingine. Vichwa vya juu vya nguzo kata kwa mshazari, uchovye, kisha ufunike kwa kipande cha bati.

Siku uzio wa mama ulipokamilika alitoa kigoda akakaa ndani ya ua, na akaanza kuwasalimu wapita njia kupitia zile nafasi za sentimita moja. Ukuta wa tofali ungemnyima hilo. Kila mwaka mvua zikiisha natembea kwa mama na ndoo ya maji ya sabuni na brashi. Nasugua ukungu wa kijani, nabomoa njia za mchwa, naondoa majani na udongo uliosombwa na mvua kwenye miguu ya nguzo, na kudondosha matone ya maji upande unaopigwa na jua la magharibi. Mwaka wa tatu matone yalizama. Nikajua umefika wakati wa kupaka mkono mwingine upande huo. Pande nyingine zikasubiri mwaka mmoja zaidi. Rangi niliyoibakiza iko stoo, kopo limefungwa vizuri, na juu ya kifuniko nimeandika kwa msumari jina la rangi, tarehe, na uzio wa nani.